Maziwa Yangu Mbele ya Kamati

Ziwa langu la kushoto lilitangulia. Ilikuwa mwaka uleule nchi yetu ilipopata uhuru, na mtaani kwetu Kimanga, mjini Uvira, kila kitu kilichotokea mwaka huo, mvua, harusi au baiskeli kuibwa, kilisemekana kimeletwa na uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja nilikuwa najipaka mafuta baada ya kuoga, nikagusa kitu kidogo cha mviringo chini ya chuchu ya kushoto, kigumu kama punje ya haragi, chenye kuuma kikiguswa. Upande wa kulia hakukuwa na kitu. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, kwa sababu nilijua nakufa.

Mama alikuwa uani anaanika ndagala. Alikuja na mikono yake ya samaki, akagusa kwa mgongo wa kidole, akacheka.

“Unaanza kuwa mukubwa. Lile lingine litakuja.”

Akarudi kwenye ndagala zake. Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini katika ua wetu alikuwepo pia shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mjane bila mtoto, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wamama wa kanisa letu. Aliendesha ua wetu kama alivyoendesha kamati: kwanza anatangaza shida, halafu anaitafutia dawa, halafu anatuambia tushukuru. Baba yangu, fundi wa baiskeli, alikuwa na namna yake ya kumkwepa. Mazungumzo ya wanawake yakianza, alichukua pampu akaanza kujaza gurudumu ambalo tayari lilikuwa limejaa.

Ziwa la kulia lilikuja kweli, miezi mitano baadaye, lakini halikuwa na haraka. Nilipofika miaka kumi na mitatu, la kushoto lilikuwa limejaa kiganja, na la kulia lilikuwa bado linafikiria. Shangazi aliniita jikoni, akanivua blauzi, akashika huku na huku kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

“Sasa iko nini hii?” akauliza. “Moja imefika Bukavu, ingine imebakia Uvira!”

“Litakuja,” mama akasema.

“Litakuja lini? Weye unangojea, batu banaona.”

Hakuna mtu aliyekuwa ameona, ila shangazi alihakikisha wanaona.

Dawa ya kwanza ilikuwa kitambaa. Alinifunga kipande cha kitenge juu ya ziwa la kushoto, akakaza, ili lisimame lingojee mwenzake. Nilikwenda shuleni nikipumua nusu nusu kwa wiki tatu. Ziwa halikungoja. Nilichopata ni alama nyekundu mgongoni na adhabu ya mwalimu, ambaye alifikiri nalala darasani kumbe nilikuwa nakosa hewa.

Dawa ya pili ilikuwa wadudu. Wasichana wote wa upande wetu wanajua wale wadudu weusi wadogo wanaozungukazunguka juu ya maji yaliyotulia, na wanajua kinachosemwa, kwamba wakikuuma kwenye chuchu, ziwa linaota. Shangazi alinipeleka mto Mulongwe, mahali maji yanapopumzika kabla ya kuingia ziwani, akawakamata wawili kwa kikombe cha bati. Mmoja alikataa kuuma. Wa pili aliuma kana kwamba amelipwa mshahara. Ziwa la kulia lilivimba siku hiyohiyo, na kwa siku mbili nilikuwa nimelingana. Shangazi aliimba wimbo wa shukrani akipika bugali, akamwita jirani aje ashuhudie. Siku ya tatu uvimbe ulipungua, ya nne ukaisha, na shangazi aliusikitikia kuliko marehemu mume wake.

Basi akanipeleka kwenye kamati.

Kamati ilikutana kila Alhamisi mchana. Siku hiyo walikuwa na mambo matatu: kufagia kanisa, sare mpya za kwaya, na mimi. Nilisimamishwa karibu na mimbari nimefungwa kanga, wanawake kumi na wanne wakinitazama. Shangazi alieleza shida kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza vifo. Katibu, mama pekee katika kamati aliyeweza kuandika bila kutoa ulimi, aliinua kalamu akauliza jambo hili liandikwe namna gani. Walijadiliana kwa muda. Mwishoni iliandikwa: *Mambo ya kutolingana*.

Mmoja akasema ni kwa sababu nabeba ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto. Mwingine akasema hapana, ingekuwa hivyo mkono ndio ungekua. Wa tatu akataka kujua kama kuna mvulana, na kama yupo, anakaa upande gani. Mama mmoja, ambaye mume wake alihutubia mikutano ya chama, alisema wakubwa wameahidi kwamba sasa wananchi wote watakuwa sawa, basi tungoje kidogo, pengine serikali bado haijafika kwenye mambo haya.

Mwanamke mdogo kuliko wote, bibi arusi wa juzijuzi kutoka Songo, akauliza polepole:

“Lakini bamama, yenu iko sawasawa?”

Wanawake wote kumi na wanne walivuta vitenge vyao mpaka shingoni. Shangazi akakohoa, akasema wakati umekwenda. Ikakubaliwa tuombe, na jambo langu likaahirishwa mpaka hali ya nchi itulie. Kwa jinsi nchi ilivyokuwa, nilielewa kwamba nimepata likizo ndefu.

Mtu wa kwanza kunipa faraja alikuwa mama mmoja mfugaji wa Rurambo, aliyeshuka mara mbili kwa wiki na maziwa ya ng'ombe akituuzia sisi wa pwani. Habari yangu ilikuwa imemfikia huko juu milimani, na wala sikushangaa. Aliweka kibuyu chini akaniangalia, kisha akamwangalia shangazi.

“Minye nakamua ng'ombe tangu utoto,” akasema. “Sijaona hata moja yenye chuchu ine sawasawa. Na maziwa yanatoka.”

“Mutoto wangu hapana ng'ombe,” shangazi akajibu kwa hasira.

“Ni kweli. Ng'ombe hapana kamati.”

Shangazi alinunua maziwa kwa mtu mwingine kwa miezi miwili.

Sare za kwaya zikaja kuniumbua tena. Fundi cherehani alishona za wasichana ishirini kwa kipimo kimoja, na nilipoivaa yangu, upande mmoja ulikaza na mwingine ukabaki na mkunjo. Shangazi alimrudishia. Fundi akazunguka, akanitazama mbele na nyuma, akapima, akalitetea gauni lake mbele ya wateja wake wote: “Mama, robo iko sawa. Muntu njo haiko sawa.” Kwa miaka miwili nilisimama mstari wa nyuma wa kwaya nikiwa nimekumbatia kitabu cha nyimbo kifuani, na watu wakanisifu kwa kupenda neno la Mungu.

Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka. Nilikuwa naoga gizani. Nilijifunza kutembea bega la kulia likiwa mbele, na mpaka leo picha zangu za ujana zinaonyesha msichana anayeelekea kupita kwenye mlango mwembamba. Niliamini kwamba nina ugonjwa, na kwamba watu wazima wanalificha jina lake kwa huruma.

Ni mama aliyechoka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na shangazi alikuwa anazungumzia mganga mmoja anayekanda maziwa kwa jiwe la moto. Mama aliosha mikono, akavaa kitenge chake cha kutokea, akasema, “Leo tunaenda dispansari.” Shangazi akavaa chake pia. Alisema mwenyekiti hawezi kukosa.

Dispansari wakati huo ilikuwa chini ya muuguzi mmoja wa makamo. Daktari mzungu alikuwa ameondoka haraka miaka ile ya uhuru, akaacha funguo, mizani na koti lake jeupe. Muuguzi, aliyekuwa ameosha vidonda kwa miaka mingi, akajikuta mkubwa wa nyumba nzima. Alivaa lile koti ingawa lilimfika karibu na vifundo, akakunja mikono ya koti mara tatu. Alitembea na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni hata alipokwenda kununua mihogo. Watu walimcheka wakiwa wazima, na walipougua walimwita dokta.

Alinichunguza nikiwa nimekaa, halafu nimeinua mikono, halafu nimelala, akibonyeza kwa vidole vilivyonyooka, polepole, mpaka kwapani. Hakunitazama kama parachichi. Alipomaliza akaniambia nivae, akakaa, akauliza:

“Tangu yameanza, la kushoto njo kubwa?”

“Ndiyo.”

“Tangu mwanzo mpaka leo?”

“Ndiyo.”

“Hakuna kilichobadilika hivi karibuni?”

“Hapana.”

“Basi uko muzima. Hakuna ugonjwa hapa.”

Shangazi akasogeza kiti. “Dokta, angalia vizuri. Hayalingani.”

“Mama, nyosha miguu yako. Viatu vyako, mguu gani unabanwa?”

“Wa kulia,” shangazi akasema kabla hajajizuia.

“Umewahi kupeleka ule mguu kanisani?” Akaendelea: “Maziwa ya wanawake hayalingani. Mengine tofauti ni ndogo, mengine tofauti inaonekana. Kuna makubwa, kuna madogo, kuna yanayoangalia chini na yanayoangalia pembeni. Kuna chuchu zilizoingia ndani tangu kuzaliwa. Kuna vipele vidogo kuzizunguka, kuna nywele moja mbili. Yanajaa na kuuma kabla ya damu ya mwezi, halafu yanatulia. Yote hayo ni mwili. Huyu mutoto atanyonyesha kama wengine.”

Niliangalia sakafu. Miaka mitatu na kitu, kitambaa, wadudu, kamati, yote yalikuwa yamejibiwa kwa muda wa kuchemsha chai. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na mtu huyo alikuwa amekaa karibu yangu amevaa kitenge chake cha kutokea.

“Kwa hiyo muje kwangu lini?” dokta akaendelea, kwa sababu alipenda kumaliza somo. “Muje kama kuna kitu kipya. Kijiwe kipya katika ziwa ao kwapani, hasa kigumu, na kikabaki hata damu ya mwezi imepita. Ngozi ikiingia ndani, ao ikikunjamana kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje sasa inavutwa ndani. Maji ama damu inayotoka yenyewe. Kidonda juu ya chuchu kisichopona. Wekundu na joto, hata kwa anayenyonyesha. Ao ziwa moja likibadilika ghafla, wakati zamani halikuwa vile. Kila muntu ajue yake yako namna gani, ndiyo ataona likibadilika.”

Mama alitikisa kichwa akikariri. Shangazi alikuwa ameacha kusogeza kiti.

“Na kama,” akasema, “na kama ni kijiwe lakini hakiumi?”

“Kisichouma njo nataka nikione mapema. Watu wanangojea maumivu, wanachelewa. Vijiwe vingi si vibaya, lakini kwa mkono tu hatujui.” Akamtazama. “Kwa nini, mama?”

“Nauliza tu kwa ajili ya mutoto.”

Njiani kurudi shangazi hakusema neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea kati ya dispansari na Kimanga, na mimi, mjinga, nilifikiri anaona haya kwa ajili yangu.

Miezi michache baadaye waasi wakaingia Uvira. Asubuhi wanajeshi walikuwepo, mchana hawakuwepo, na jioni barabara ilikuwa imejaa wapiganaji wenye majani vichwani na vipande vya ngozi ya chui. Majirani zetu walionyesha wepesi mkubwa. Yule bwana wa mikutano ya chama, aliyekuwa amehutubia kwa ajili ya vyama vitatu tayari, alikutwa na kadi ya cha nne ikiwa bado haijakauka wino. Kulikuwa na mambo ya kutisha pia, watu waliochukuliwa na hawakurudi, na sitayafanyia mzaha hayo.

Ila wapiganaji wenyewe walikuwa na sharti moja ambalo wanawake wa sokoni walilijua kabla ya jua kuzama. Dawa yao, iliyogeuza risasi kuwa maji, ilikufa wakiguswa na mwanamke. Mpiganaji akija kutaka ndagala za bure, mama yangu alifungua mikono kana kwamba anamkaribisha mkwe, akamwendea. Mtu mwenye bunduki alirudi nyuma mpaka mtaroni.

Siku moja mchana, katika juma la mvua, shangazi aliniita nyuma ya ua nimsugue mgongo, kwa sababu bega lilikuwa linamuuma. Hakuwa amewahi kuniita kwa kazi hiyo. Alikaa amenipa mgongo, lakini alipoinua mkono nimsugue ubavuni, niliona ziwa lake la kushoto. Juu yake ngozi ilizama kama mahali pa kidole kwenye unga uliokandwa. Chuchu ilikuwa imegeuka, imevutwa ndani.

Niliacha kusugua.

“Shangazi, hii iko hivi tangu zamani?”

“Iko hivi tangu.”

“Tangu lini?”

Alimwaga maji ya kikombe miguuni. “Tangu Pasaka,” akasema. “Kijiwe njo kilianza mbele, zamani zaidi. Kidogo tu, kama haragi. Haiumi.”

“Dokta alisema...”

“Nilikuwepo! Nilisikia alichosema!” Akajifunika kitenge chote, mpaka kichwa. “Hii ni siri yangu. Minye ni muntu mukubwa. Weye unataka nikasimame mbele ya batu, banishike, banitazame?”

Nilikaa chini kwenye matope karibu naye. Maneno mengi yalinijia mdomoni, mengi mabaya, na alistahili karibu yote. Lakini nilikumbuka miaka yangu ya kuoga gizani.

“Shangazi,” nikasema, “kesho ni Alhamisi. Usipoenda kwa dokta leo, nitapeleka jambo hili kwa kamati.”

Alifunua uso akanitazama. Alijua kamati ile kuliko mtu yeyote. Alijua wangemweka karibu na mimbari, na katibu angeuliza iandikwe namna gani.

“Kamati hapana,” akasema. Akasimama kutafuta viatu vyake.

Dokta hakumkaripia. Alibonyeza, akabonyeza tena kwapani, akanawa mikono polepole. Alisema anajua hiki kinahitaji kisu na watu wenye vifaa, na yeye hana hata spiriti. Akaandika barua kwa hospitali ya Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, akaipiga mihuri miwili kwa sababu siku zile hakuna aliyejua upi una nguvu.

Tuliondoka kesho yake kabla ya joto, mimi nikisukuma baiskeli ya baba, shangazi amekaa nyuma na mfuko wa bugali baridi. Mama alibaki na wadogo zangu. Baba aliandamana nasi mpaka mwisho wa mtaa, akaangalia magurudumu yote mawili, akarudi.

Bariyeri ilikuwa Kavimvira, mti uliolazwa kwenye mapipa, na wapiganaji saba. Mkubwa wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuwa komanda, na bado alikuwa na daftari na kalamu nyekundu. Alitusimamisha mbali kwa kuogopa kuguswa.

“Munaenda wapi?”

“Bujumbura, komanda,” nikasema.

“Kufanya nini?”

Nilikuwa na haya kutamka zaidi mbele ya wanaume. “Ziwa iko na shida.”

“Ziwa gani?”

“Ya kushoto.”

Komanda aligeuza shingo upande wake wa kushoto. Hapo, zaidi ya majani marefu, Ziwa Tanganyika lilikuwa limelala linang'aa. Alilitazama kwa makini, kisha akafungua daftari.

“Shida gani?”

“Kuna kitu kigumu ndani.”

“Kigumu namna gani? Kama chuma?”

“Hatujui. Kinaongezeka.”

“Kinaongezeka!” Aliandika. “Nani amekiweka?”

“Hakuna. Kimeanza chenyewe, mbele ya Pasaka.”

“Na sisi hatukuambiwa,” komanda akawaambia wenzake kwa uchungu. Alimtuma mmoja apande juu ya pipa atazame majini. “Kinatembea?”

“Hapana, dokta anasema kimeshikamana.”

“Ukubwa wake?”

“Sasa ni kama yai.”

Kalamu ikasimama. “Yai?” Alifikiri. “Kutoka mbali, ama kutoka karibu?”

Yule wa juu ya pipa akapiga kelele kwamba haoni kitu, labda kiko chini ya maji.

“Iko chini ya ngozi!” shangazi akasema. Alishuka kwenye baiskeli. Mwanamke aliyekataa kuonwa na wamama kumi na wanne alisimama katikati ya barabara kuu, mchana kweupe, akafungua kitenge. “Ziwa, mwalimu! Ziwa ya mama! Njoo ushike mwenyewe, uandike vizuri!”

Akapiga hatua moja mbele. Wanaume saba wasioogopa risasi waligeuka wote kwa pamoja wakaangalia milima. Aliyekuwa juu ya pipa alianguka. Komanda, mgongo ukiwa umetugeukia, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mwalimu aliyechoka, kwamba mama yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa kama huo, na hakumwambia mtu. Kisha akaandika karatasi ya ruhusa, akaiweka chini, akaweka jiwe juu yake, akasogea ili tuichukue. Iliandikwa kwa wino mwekundu: *Huyu mama anaruhusiwa kuvuka na ziwa lake.*

Wahudumu wa hospitali ya Bujumbura waliisoma wakaizungusha wodi nzima.

Daktari wa huko alizungumza Kifaransa, na muuguzi akatufasiria. Kwanza walichukua kipande kidogo wakakipima. Halafu wakasema ni ugonjwa mbaya, umechelewa lakini si sana, na ziwa litaondolewa lote. Shangazi aliuliza swali moja tu, kama angekuja mapema wangeondoa kidogo tu. Daktari alisema pengine.

Usiku wa kuamkia upasuaji hawakuniruhusu kulala wodini. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani amevaa gauni la hospitali, mdogo kuliko nilivyomzoea.

“Yako haikuwa na kitu,” akaniambia. “Tangu siku ya kwanza haikuwa na kitu. Mama yako alijua. Na huu mwaka wa mwisho minye nilikuwa nashika yako kila siku sababu sikutaka kushika yangu.”

Nilimfunga kilemba, kwa sababu kilikuwa kimekaa upande. Alinishika mkono mpaka walipomchukua.

Alipona. Kovu lilichukua muda, na mkono ulivimba akapaswa kufundishwa kuuinua upya, akipandisha vidole ukutani kidogo kidogo, kama mtoto anayepanda ngazi. Tulikaa kwa jamaa zetu Buyenzi, mtaa wa hukohuko Bujumbura, mwaka mzima na zaidi, mpaka njia ikatulia, serikali ikiwa imerudi Uvira na wananchi wamebadilisha kadi zao tena.

Jumapili ya kwanza kanisani, wakati wa matangazo, baada ya habari ya mbuzi aliyepotea, shangazi alisimama. Nilikaza macho kwenye magoti yangu. Alisema alikuwa na ugonjwa katika ziwa, akauficha, ukakua, likakatwa. Alisema kamati iliwahi kujadili maziwa ya mtoto asiye na ugonjwa wowote, chini ya uenyekiti wake, na anaomba radhi kwa mtoto huyo. Akataja alichosema dokta, kimoja kimoja, kijiwe, ngozi, chuchu, damu. Wanaume waliangalia dari. Mchungaji alitafuta wimbo kwa haraka mpaka akaangusha miwani.

Juma lile wanawake walianza kuja kwetu mchana, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuja kuuliza kwa ajili ya jirani yake. Shangazi aliwapeleka jikoni akafunga mlango. Nilimsikia akiuliza, “Iko hivi tangu zamani, ao imebadilika?” Wengi walitoka wakitabasamu, wengine wakiwa wamekasirika kidogo kwamba ugonjwa walioulea miaka kumi haukuwa ugonjwa. Watatu aliwapeleka mwenyewe kwa dokta. Wawili walionekana wana uvimbe usio na ubaya. Wa tatu alikuwa yule bibi arusi wa Songo, sasa mama wa watoto wawili. Chake kilikuwa kibaya, lakini kilikuwa bado kidogo, akakatwa sehemu tu.

Aliporudi kutoka hospitali alituletea kuku. Yeye na shangazi walikaa jikoni wakafunguana vitenge, wakabishana kovu la nani limeshonwa vizuri zaidi, kila mmoja akimsifu fundi wake. Sauti zao zilifika mpaka barabarani. Waliniita niingie niamue. Nilikataa, nikaendelea kumnyonyoa kuku.